Mkono wa Kulia na Chupa ya Ng'ombe

Naandika haya kwa gumba la mkono wa kushoto, kwenye simu, herufi moja moja, kwa hiyo mnivumilie. Kama una kidonda kisichofunga, na unaitazama bendeji ikilowa tena saa moja baada ya kubadilishwa, haya ni yako. Sitakusomesha habari za vijidudu. Nilishawasomesha watu somo hilo miaka mingi, nimevaa fulana nyeupe yenye maandishi kifuani, na siku yangu ilipofika hata neno moja halikunifaa.

Mimi ni bwana mifugo. Huku kwetu upande wa Ole watu huniita Daktari Faki, kwa sababu nina begi na bomba la sindano, na kwa sababu hospitali iko mbali lakini pikipiki yangu iko karibu. Kazi yangu ni ng'ombe, mbuzi na kuku. Kilichonipata kilianzia kwa ng'ombe.

Ilikuwa masika, mvua siku ya tatu haijakatika. Jirani yangu Bi Mize, mzee mwenye ng'ombe wawili nyuma ya mikarafuu yake, alinipigia simu asubuhi.

"Daktari, ng'ombe wangu kazaa juzi, kondo halijatoka mpaka leo. Lanuka, babaangu, hata mtu hapiti. Njoo hima."

Kondo la ng'ombe likikaa siku mbili tumboni huoza humo humo. Kulitoa lazima uingize mkono mpaka karibu na kwapa, ulibandue kidogo kidogo kwa ncha za vidole. Kazi hiyo ina glavu zake ndefu. Zetu zilikwisha tangu vuli. Mwezi ule ofisini yalikuja maboksi manne, nami niliyafungua kwa pupa nikitafuta glavu. Ndani yake mlikuwa na mabango, kofia, kalamu na fulana, vyote vimeandikwa kuhusu mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa dawa kwa binadamu na wanyama. Glavu hata jozi moja hapana. Basi nilivaa mfuko wa plastiki wa mkate, nikaufunga kwa kamba juu ya kiwiko, na humo ndani ukapasuka. Kando ya ukucha wa kidole changu cha shahada palikuwa na mchubuko. Asubuhi ile nilikuwa nimemenya mhogo na kisu kikaniteleza.

Harufu ile niliiosha kwa sabuni ya unga, kwa ndimu, kwa majivu. Nilikula chakula cha mchana nikiwa bado naisikia.

Siku ya tatu kidole kikavimba. Hapa ndipo naona aibu hata kuandika. Sikwenda kwa mtu yeyote. Nilifungua begi langu, nikatoa chupa yenye picha ya ng'ombe, nikapiga hesabu kichwani kwamba mimi na ndama wa miezi kadhaa uzito wetu ni mmoja, nikavuta kipimo cha ndama, nikajidunga paja. Kesho yake nikarudia. Uvimbe uliponywea nikaacha, kwa sababu dawa ile ilikuwa ya wateja na nisingependa iishe.

Wala hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mafua yalipozidi, nilijidunga. Jino liliponiuma, nilijidunga. Na si mimi peke yangu. Bi Mize nilimdunga alipoumia mguu, na jirani yetu Mzee Kombo vile vile. Watu wazima walinifuata mpaka uani, wakijifunua mapaja na kuniambia niwatie ile ya ng'ombe, kwani ya hospitali ni maji. Niliwatia. Walinisifu, nami nilizipenda sifa. Kisha mwisho wa mwezi nilikwenda semina mjini, nikasimama mbele ya watu nikasema dawa zitumike kwa cheti cha mtaalamu. Semina ya mwisho kabla ya kuumwa tulipewa wali kwa kuku mchana. Kuku wale nilimjua mfugaji wao. Mimi ndiye niliyempelekea unga wa dawa wa kuwachanganyia kwenye maji, na nilijua aliwanywesha mpaka siku ya kuchinjwa. Tulikaa pale, wataalamu wa watu na wataalamu wa wanyama, tukitafuna ile mada yetu wenyewe na kuomba pilipili.

Uvimbe ulirudi siku tano baadaye, na mara hii haukusikia kipimo cha ndama wala cha fahali. Kidole kilikuwa chekundu, kikawa zambarau, kikapasuka pembeni. Nilibadilisha chupa. Nilikuwa nazo tatu begini, nikazijaribu zote, moja baada ya moja. Masika yakaisha, kipupwe kikaingia, na usaha ukawa umehamia kidole cha kati na nyuma ya kiganja.

Nataka niseme wazi jinsi kulivyonuka, kwa sababu watu wanaoandika mambo haya huruka hapo. Kulinuka kondo la ng'ombe. Harufu ile ile niliyoitoa kwa Bi Mize ilikuwa sasa inatoka kwangu. Nikikaa barazani nzi hawakwenda kwa mwengine yeyote. Nikisalimiwa, watu walisimama mbali kidogo kuliko zamani, na shehe wa msikiti wetu alinishauri kwa upole niwe nasali nyumbani mpaka nipate nafuu. Nilimchukia kwa wiki mbili. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nalala na mkono nje ya chandarua.

Mke wangu Raya alifanya alivyoweza. Alitia karafuu kavu ndani ya mfuko wa plastiki, akanivisha mfuko juu ya bendeji, akafunga kwa utepe wa kitenge. Karafuu na usaha pamoja zilitoa harufu ya tatu ambayo sina jina lake. Mpaka leo chai ya viungo siinywi.

Kwetu tunakula sinia moja, mimi, Raya na binti yetu Thuwaiba, ambaye alikuwa na miaka sita. Mkono wa kulia ulipokuwa umefungwa nilijaribu kula kwa kijiko nikiwa nimekaa pale pale mkekani. Siku moja Thuwaiba alitia tonge mdomoni, akanitazama, akalitema mkononi mwake.

"Mama, wali wanuka baba."

Raya hakumgombeza. Kesho yake nilikuta sinia yao mahali pake, na pembeni, karibu na mlango, sahani yangu imefunikwa kawa. Siku hiyo ndiyo nilipokubali kwenda hospitali.

Benchi la kusubiri pale ni refu na limechongwa na mtu asiyejua kuwa watu wana migongo. Nilikaa saa nne. Ukutani mbele yangu palikuwa na bango. Lina ng'ombe, kuku, mama aliyebeba mtoto, na kiganja kikubwa cha mkono wa kulia kimenyooshwa kuzuia, vidole vitano vizima. Bango hilo nililibandika mimi mwenyewe. Nilikuja na gundi na ngazi, tukapigwa picha. Sasa nilikaa chini yake na mfuko wa karafuu mkononi, na mama mmoja aliyekuwa jirani yangu akainuka akaenda kusimama. Nilitamani kulichana. Sijapata kukirihishwa na karatasi namna ile.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Daktari Salma, mwembamba, asiye na maneno mengi. Alifungua bendeji bila kukunja uso, nami nikamshukuru kwa hilo kuliko kwa dawa. Akachukua usaha kwa kijiti cha pamba, akasema utapelekwa Unguja kuoteshwa ili wajue dawa gani inauweza.

"Umetumia dawa gani kabla?"

Nilimtajia chupa zangu. Aliacha kuandika.

"Za wanyama?"

"Za wanyama."

"Nani mwengine nyumbani amepata dawa hizi? Nakuuliza kwa sababu vijidudu hivi huenda anavyo mwengine humo. Akija kuugua, asianze kubahatisha kama ulivyobahatisha wewe. Lazima nijue."

Thuwaiba alinijia kichwani. Mwaka uliotangulia alipata jipu nyuma ya sikio, akalia siku mbili, na Raya alikuwa Mtambile kwa mama yake mgonjwa. Nilimshika mtoto kati ya magoti, nikamtia ile ya chupa, kipimo cha mwanambuzi. Lilipopungua, nikaacha. Raya sikumwambia. Thuwaiba nilimnunulia biskuti naye akasahau, au mimi nilitaka kuamini kwamba alisahau.

"Hakuna," nilisema. "Ni mimi tu."

Majibu yalichukua siku kumi na moja. Nilikuwa nimeshalazwa. Daktari Salma alikuja na karatasi yenye majina ya dawa kwa safu, na mbele ya kila jina herufi moja. Herufi hizo nilizijua, niliwahi kuwafafanulia wafugaji kwenye ubao. Hii ina maana dawa inafanya kazi, hii ina maana vijidudu vimeshaizoea. Nilishuka na macho yangu mpaka karibu na mwisho wa safu. Dawa zangu zote tatu zilikuwa hapo, zimekufa. Zilizobakia hai zilikuwa mbili, na moja kati ya hizo kisiwani haikuwepo.

"Tutakupa hii," alisema. "Sindano tatu kwa siku, wiki tatu. Vidole viwili vimeshakufa, hivyo tutavitoa kesho kutwa. Mkono nataka kuuokoa. Lakini dawa isipokubali, tutakata hapa." Akagusa juu kidogo ya kifundo.

Mkono wa kulia. Mtu asiye wa kwetu anaweza kufikiri ni kazi tu nitakosa. Mkono wa kushoto una shughuli yake chooni, kila mtoto hufundishwa hilo kabla hajajua kusema vizuri. Ukiondoka wa kulia, nitakula na nini? Nani atakaa sinia moja na mtu anayechota kwa mkono huo? Nililala kitandani nikijiona mzee, sahani yangu karibu na mlango mpaka siku ya kufa. Hilo ndilo lililoniliza, si vile vidole.

Vidole vilikwenda. Cha shahada na cha kati. Nikisali sasa, kwenye tahiyatu, pale kidole cha shahada huinuliwa, ninachokiinua ni kigutu kifupi, na Mwenyezi Mungu anajua ninachokusudia.

Baada ya hapo siku zilihesabiwa kwa sindano. Ya asubuhi, ya adhuhuri, ya baada ya isha, na kati yake kusafishwa kidonda, ambako pamba ndefu huvutwa kutoka kwenye shimo la kiganja na wewe unaona inavyotoka na hutaki kuona. Kitanda cha pili alikuwapo Mzee Shaame, mvuvi wa Makoongwe, aliyechomwa mguu na mwiba wa samaki taa. Wagonjwa wengine waliomba kuhamishwa mbali nami. Yeye aliomba alete kitanda chake karibu apate upepo wa dirisha.

"Mzee, hunisikii ninavyonuka?"

"Yakhe, mie pua yangu ishakufa zamani kwa ngisi waliooza. Nawe hujafika huko. Kula."

Alinimegea mkate, akanikamulia chungwa mdomoni, kwa mkono wake wa kulia wenye magamba, bila kunifanya nijione mtoto. Mimi nilizoea kujiona mtu wa elimu. Sikumbuki kama katika semina zote nilipata kumfanyia mtu wema wa kiasi kile.

Sindano ya arobaini na kitu, usaha ukapungua. Wiki ya tatu bendeji ilitoka kavu. Daktari Salma aliinusa kabisa, akaitupa, akasema, "Mkono umebaki." Kisha akaongeza kwamba dawa ile nayo si ya kuchezea, maana nyuma yake hapa kisiwani hakuna nyingine ya kunipa.

Nilirudi nyumbani karafuu zimeshaanza. Barabara nzima zilianikwa kwenye majamvi, na gari ilipopita katikati yake nilimwomba dereva asimame nikatapika. Watu walidhani ni udhaifu wa ugonjwa.

Raya alisubiri siku nne. Siku ya tano alipakua sinia moja, akaiweka katikati ya mkeka, akakaa, akanitazama nikisimama mlangoni.

"Waogopa nini? Njoo ule."

Kwa gumba na vidole viwili vya mwisho tonge halikazi, wali huponyoka. Thuwaiba alicheka nilivyoangusha, kisha akaanza kunisukumia mchuzi upande wangu. Nilikula nikijifanya pilipili imeniingia machoni. Kama ningeishia hapa, hii ingekuwa hadithi nzuri, na wenzangu wangeichapa kwenye vijitabu vyao.

Mwisho wa msimu wa karafuu sheha, kiongozi wa mtaa wetu, alituita mkutanoni skuli. Walikuja watu kutoka mjini, wa afya ya binadamu na wa mifugo, meza moja, jambo ambalo kwetu halijapata kuonekana. Waliueleza ule mpango wa taifa, kwamba mtu na mnyama na mazingira ni kitu kimoja. Walisema kweli tupu. Kisha Bi Mize akainua mkono.

"Naam, wanangu, tumesikia. Lakini mie nkenda kituoni dawa hamna. Nkenda dukani nauziwa vidonge viwili, nikitaka vitatu napewa vitatu. Sasa huo mpango wenu wakaa wapi?"

Mkubwa wao alitabasamu akasema hoja imepokelewa. Aliiandika. Nilimuona alivyoandika, neno moja, na kalamu ile ile iliyokuja kwenye maboksi. Halafu wakaniomba mimi, kama mtaalamu wa hapa hapa na mgonjwa aliyepona, niseme machache ya kuwahamasisha wananchi. Fulana walinipa nyingine.

Nilisimama. Kwenye madawati ya mbele, upande wa wanawake, Raya alikuwa amempakata Thuwaiba. Mtoto alikuwa na pamba nyuma ya sikio. Lile jipu lilikuwa limerudi siku mbili nyuma, mahali pale pale, na asubuhi ile Raya aliniambia tukitoka mkutanoni atapita dukani achukue vile vidonge vya rangi mbili, avipasue amwagie unga wake juu ya jipu. Nilimjibu "haya". Nilisema "haya", mimi, niliyejua.

Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Nilifungua mdomo nikasikia ile harufu, naapa, ingawa mkono ulikuwa umepona miezi.

"Dawa ya ng'ombe niliwatia nyinyi," nilisema. "Bi Mize, nilikutia. Mzee Kombo, nilikutia. Nilijitia mwenyewe mpaka dawa zikafa mwilini mwangu. Na Thuwaiba nilimtia, mwaka jana, kwa jipu hilo hilo alilonalo sasa. Mama yake hajui. Daktari aliponiuliza, nilimwambia hakuna."

Mkubwa wa mjini alikuwa bado na tabasamu lake, hakujua aliweke wapi. Raya aliinuka, akamfunga mtoto mgongoni kwa kanga, akapita mbele yangu akatoka, na nilipomfikia barabarani alikuwa ameshasimamisha gari ya kwenda hospitali. Nilipanda nyuma yake.

Daktari Salma alinisikiliza mpaka mwisho. "Ungeniambia siku ile," alisema, basi. Akachukua usaha wa mtoto. Majibu yalikuja na herufi mbaya kwenye dawa mbili, na moja ilikuwa ile ya vidonge vya rangi mbili. Nyingine zilikuwa hai. Alipewa ya maji, kijiko asubuhi na jioni, na Raya alimnywesha mpaka tone la mwisho ingawa jipu lilikwisha siku ya nne. Vuli ilipoanza kunyesha, Thuwaiba alikuwa hana hata kovu.

Chupa zangu nilizipeleka hospitali wazichome. Bi Mize alikuja baada ya wiki, anachechemea, akaniuliza kama hamna hata kidogo kilichobaki chini ya chupa. Nilimpakia pikipiki nikampeleka kituoni, na dawa haikuwepo, tukaenda mpaka mjini. Njia nzima alinilaumu. Wewe unayesoma na umeshamtia mtu dawa isiyokuwa yake, mke, mtoto, jirani, sema mbele ya daktari siku ya kwanza anapouliza. Usingoje mkutano. Sina ushauri mwengine.

Siku ile ya mkutano, tulipotoka hospitali na mtoto, Raya aliingia jikoni bila kuvua baibui. Nilikwenda kunawa. Niliporudi, sinia ilikuwa katikati ya mkeka, yeye na Thuwaiba wameshakaa, na sahani yangu ilikuwa karibu na mlango, imefunikwa kawa.

Niliuinua mkono nikaunusa, kwa mazoea. Ulinuka sabuni tu. Nikakaa mlangoni, nikafunua kawa, nikala.